Kigoda Nje ya Mlango

Kazi yangu serikalini ilikuwa kuandika ukurasa mmoja. Waziri akitaka kukutana na wageni, au akisafiri kwenda kuonana na wenzake ng'ambo, mimi ndiye niliyejifungia na makabrasha yaliyojaa meza, nikayakamua mpaka yakawa ukurasa mmoja ambao angeweza kuusoma ndani ya gari. Ukurasa wa pili hausomwi. Nililijua hilo mapema, na nadhani ndilo lililonifikisha kwenye kiti cha mshauri wa mambo ya nje, wakati wenzangu waliokuwa na akili kunizidi waliendelea kuandika maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyafungua.

Watu wa kwetu Hanang hawakuwahi kuelewa nafanya kazi gani. Daktari anatibu, mwalimu anafundisha, wewe je? Dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, aliwajibu kwa niaba yangu. "Huyu analipwa kwa kukaa kimya karibu na wakubwa." Watu walicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutazama: nani kamtangulia nani mlangoni, nani kakaa wapi, nani kasema ndiyo upesi mno. Safari moja, Addis Ababa, tulikwenda kwenye mazungumzo ambayo kila mtu alisema yameiva. Nikaona wenyeji wametuandalia chai barazani badala ya chumba cha mkutano. Nikamnong'oneza waziri kwamba hawa hawatatia saini. Hawakutia. Niliishi kwa sifa ya chai ile miaka mingi.

Nayaeleza haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyerudi Endasak baada ya kustaafu na kuanza kuitwa mfadhili.

Neno lenyewe sikulipenda, na dada yangu hakuliacha lipite. "Fadhili mbuzi utakunywa mchuzi," alisema siku ya kwanza aliposikia nimeitwa hivyo kanisani, "binadamu atakuudhi." Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyejua kwa nini nimerudi. Mama yetu alifariki akijifungua, akiwa kwenye machela, wanaume wakimteremsha kutoka vilima vya Mbulu kwenda kutafuta mganga wa hospitali. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki uso wake vizuri. Nakumbuka machela iliporudi, na wanaume walioibeba wakiwa wamepunguza mwendo kwa sababu hapakuwa tena na haraka. Dada ndiye aliyenilea. Kwa hiyo nilipostaafu niliwapigia simu mabalozi niliofahamiana nao, watu wa nchi mbalimbali, nao wastaafu kama mimi, wenye marafiki wenye uwezo. Nikajenga nyumba ya kusubiria kujifungua kando ya kituo cha afya.

Ilikuwa nyumba nzuri, wala sioni haya kusema. Kuta nyeupe, jiko la nje la kuni, matangi ya maji ya mvua, vitanda vyenye vyandarua, na baraza ndefu inayotazama mlima. Nyuma yake kulikuwa na shamba la mahindi la jirani. Mwanamke aliyekaribia siku zake angekuja akae pale wiki mbili tatu, na uchungu ukianza avuke ua tu awe mikononi mwa wakunga. Mwanzoni walikuja. Walikuja kutoka vijiji vya mlimani, na hata kutoka kwa wafugaji wa uwandani, akina mama wenye bangili za shaba ambao mchana kutwa walikaa barazani kwa sababu chini ya dari walijiona wamefungiwa. Nilikuwa nikipita jioni, wananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, narudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo waziri hakuwahi kunipa.

Kisha ikaja Desemba ile ambayo mlima uliteremsha tope juu ya mji wa Katesh.

Sitaieleza siku yenyewe. Walioiona wameieleza, na mimi nilifika baadaye, nikakuta mawe makubwa kuliko nyumba yamekaa mahali ambapo jana yake watu walikuwa wakiuza nyanya. Mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu, alikuwa ameolewa Jorodom. Nyumba yake ilikwenda na tope. Yeye alitoka akiwa na kichanga mgongoni, mtoto wake wa kwanza, na mshono wa upasuaji aliojifungulia bado mbichi. Watu waliopona walikuwa wengi na madarasa ya shule hayakutosha, nikafungua nyumba ya kusubiria nikawaambia waingie. Waliingia wajane, waliingia akina mama waliopoteza watoto, na mmoja aliharibikiwa na mimba humo ndani. Mpwa wangu nilimpa kitanda cha dirishani. Mtoto alishikwa na kichomi, wakunga wakahangaika naye, akafariki kwenye kitanda hicho asubuhi mvua ikinyesha. Tulimzika. Mpwa wangu na mume wake wakahamia Mogitu kwa mama mkwe.

Walipoondoka wote nilisafisha nyumba. Nilipaka rangi upya, nikachoma magodoro ya zamani, nikanunua mapya, nikaajiri mpishi. Kisha nikangoja wajawazito.

Hakuna aliyekuja.

Nilifanya kama afanyavyo kila mtu aliyewahi kukaa ofisini, nikaitisha semina. Wanawake walijaa ukumbi, wakanywa soda, wakapiga makofi. Niliwauliza kama nyumba ina kasoro. "Nyumba ni nzuri sana, baba, Mungu akubariki." Nikauliza mtakuja lini. "Tutakuja, baba." Nikamlipa bodaboda awafuate vijijini; akarudi peke yake, akaniambia wamesema asante, watakuja. Niliwaandikia wale mabalozi wastaafu ukurasa wangu mmoja kama zamani. Nikataja umbali, nikataja chakula, nikataja waume wasiotoa ruhusa. Ulikuwa ukurasa safi kabisa, na hapakuwa na sentensi hata moja ya kweli ndani yake.

Hali ikaendelea hivyo mpaka mpwa wangu alipopata mimba nyingine.

Mkunga mkuu wa kituo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliniita akaniambia waziwazi. Huyu alishapasuliwa, na mimba hii imekuja mapema. Uchungu ukimshika nyumbani Mogitu, mshono unaweza kuachia, na ukiachia hatutakuwa na muda. Aje akae hapa wiki za mwisho, tumwone kila siku, tumpeleke hospitali kabla. "Wewe ni mjomba wake," alisema. "Mlete."

Nikaenda Mogitu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kuonyesha dalili, njia ilikuwa na utelezi, niliacha gari barabarani nikatembea. Mpwa wangu alitoka mlangoni, akaniamkia kwa kuinama, akaniwekea kigoda nje, chini ya mchirizi wa bati. Yeye akakaa chini mbali kidogo. Baada ya muda jirani yake akaja na chupa ya chai na kikombe, vya kwake huyo jirani, akanimiminia, mpwa wangu akaniangalia nikinywa. Nilimweleza maneno ya mkunga. Alisikiliza akiwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Nitakuja, mjomba," akasema.

Nikarudi nimeridhika. Mimi, niliyejua kusoma meza ya chai kule Addis, nilikaa nje ya mlango wa mtoto niliyempokelea mahari, nikanywa chai ya jirani katika kikombe cha jirani, na kitu pekee nilichowaza ni kwamba huenda ndani kuna moshi.

Nilimsimulia dada jioni ile. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilipofika kwenye kigoda, mikono yake ikasimama.

"Hukumuuliza kwa nini hakukuingiza ndani?"

"Nilidhani anapika."

"Ulidhani anapika." Aliweka ungo chini. "Mtoto yule yuko metimani, wewe mwanaume. Tangu kichanga chake kife."

Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Wairaqw wa zamani waliamini kwamba mauti huacha uchafu kwa aliyefiwa, na uchafu huo huambukiza. Aliyefiwa hutengwa kwa muda. Haingii nyumba za watu, wala watu hawaingii kwake. Hali wala kunywa katika vyombo vya wengine. Hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, na ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani. Si adhabu, na hakuna anayemchukia. Ni yeye mwenyewe anayejizuia, kwa kuwahurumia wengine. Makanisa yalikataza, sisi tuliosoma tukasema mila hiyo imekwisha, na mkutanoni ukiuliza, kila mtu atakuambia imekwisha.

"Mimi siiamini," dada alisema, "na mama mkwe wake ni mzee wa kanisa, naye atakuambia haiamini. Lakini ule msimu wa tope watu walikufa kwa mkupuo, waliofiwa na wasiofiwa wakalala chumba kimoja, wakanywea kikombe kimoja. Watu waliogopa. Mila ikarudi kimyakimya. Kwa mume huisha upesi, lakini yeye, mama mkwe wake amesema itamwisha siku atakayojifungua salama."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba yako imefiwa kuliko mtu yeyote hapa. Mjamzito gani atalala humo?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kutoniambia, akasema aliamini ninajua, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa kutazama. Niliwakasirikia wanawake wote walioniambia tutakuja baba. Kesho yake nilirudi Mogitu, nikamwambia mpwa wangu aje akae nyumbani kwangu basi, chumba kipo. Akakataa kwa upole. Angeniharibia nyumba, alisema, na mimi nina wajukuu wanaokuja likizo. Nikamwambia mimi siogopi. Akasema, "Najua huogopi, mjomba. Mimi ndiye ninayekuogopea." Nilipomwuliza basi atakubali nini, akafikiri, akasema kama wazee wataisafisha ile nyumba, naye mwenyewe wakamwombea, atakwenda kulala huko siku hiyohiyo. Alisema anataka kuja. Alisema anataka mtoto huyu kuliko kitu chochote, na akalia, na mimi nikabaki kwenye kigoda changu kwa sababu hakutaka nimsogelee.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa hiyo: nyumba isafishwe kabla ya siku zake kufika.

Lazima niseme kwamba niliifurahia. Nilikuwa nimekaa miaka kadhaa bila mazungumzo ya kusuluhisha, na hapa palikuwa na pande mbili hasa. Upande mmoja wazee, ambao walitaka kondoo, maji ya kunyunyiza, na slufay, ile sala yetu ndefu ambayo mzee huisema kwa ubeti na watu huitikia kwa sauti ya chini. Upande wa pili mchungaji, kijana mwenye msimamo, ambaye asingekanyaga mahali penye matambiko. Na wanawake wasingeingia bila wazee, wala wasingekubali kuonekana wameingia bila mchungaji. Nilikwenda huku na kule na maneno. Tukio likaitwa ibada ya shukrani na usafi. Mchungaji akakubali neno usafi kwa sharti kwamba lije la pili. Kondoo nilimweleza kuwa ni kitoweo cha wageni.

"Kondoo ni kondoo," alisema mzee mkuu nilipompelekea maneno hayo. "Mwambie aite anavyotaka, mradi asimguse."

Tukabaki na suala la nani aanze. Hilo lilichukua muda kuliko yote, na lilipokaribia kumalizika, mdogo wake mzee mkuu akafariki, naye mzee akaingia metimani. Hakuweza kukaa nasi kikaoni. Alikuja akasimama ng'ambo ya ua wa minyaa, akapaza sauti, nasi tukampazia, mchungaji akiwa amefumba macho kwa aibu. Nilicheka kimoyomoyo nikifikiria jinsi ningewasimulia mabalozi wangu. Ilibidi tungoje mpaka muda wake upite, au wapate mzee mwingine wa kuongoza sala. Wakamtafuta Mbulu.

Mkunga alikuwa akinipita njiani na kuniuliza neno moja: "Lini?" Nilimjibu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Na yalikuwa yakienda. Hatimaye tukapata siku, Jumamosi, wakati bado mpwa wangu alikuwa na wiki kadhaa mbele yake. Nikampelekea habari Mogitu mimi mwenyewe. Alitabasamu. Alisema atakuja jioni, sala ikishamalizika na watu wametawanyika, kwa sababu haifai mtu aliye metimani kuwapo wakati nyumba inaombewa. Angeichafua tena kabla haijatakata. Yeye wangemwombea peke yake baadaye. Niliona ni jambo la busara.

Siku ile kila mtu alikuja. Mume wake alikuja tangu alfajiri kusaidia kwa kondoo, mama mkwe wake alikuja kupika, na wanawake wa vijiji vyote vya jirani walikaa kwenye nyasi, wamejifunga khanga za sherehe. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili. Mimi nilihutubia. Nilitoa shukrani kwa wote, kwa majina na vyeo, kama nilivyozoea kuwaandikia wengine, na sikuwa mfupi. Kisha mzee kutoka Mbulu akasimama, akaanza slufay. Sijasikia sala kama ile tangu nikiwa mtoto. Aliomba mvua ya upole, aliomba mlima utulie, aliomba matumbo ya wanawake yafunguke kama mlango wa boma asubuhi. Watu wakaitikia, sauti zao zikapanda na kushuka, nami machozi yakanitoka. Nilimwona dada, asiyeamini, akiitikia na wenzake. Maji yakanyunyizwa kila chumba, hata dirishani.

Mpwa wangu alikuwa nyuma ya ua, kwenye mahindi.

Uchungu ulimshika asubuhi, kama alivyomweleza dada baadaye hospitalini, nyumba ya Mogitu ikiwa haina mtu kwa kuwa wote walikuwa kwangu. Alimpata bodaboda. Alimwelekeza asipite njia ya chemchemi, wala njia yenye nyumba, bali azunguke mbali kwa juu, kwenye shimo la mchanga, amshushe nyuma ya shamba. Kutoka hapo alitembea mwenyewe katikati ya mahindi. Alipofika karibu na ua akasikia mchungaji anaomba, akakaa chini kungoja tumalize. Angezunguka hadi lango la kituo cha afya, lakini lango lilikuwa limejaa watu, na ingembidi awapitie.

Wanawake wawili walimwona. Walikuwa wamekwenda nyuma kujisaidia, wakamwona mwanamke amekaa kwenye mahindi, ameinama. Walimtambua. Hawakumsogelea wala hawakumwita, walirudi kimya wakakaa mahali pao. Mmoja wao aliniambia baadaye, naye analia, "Tulisema, huyu amelelewa vizuri, amekuja kusikiliza sala ila anakaa mbali kama inavyotakiwa."

Sala ilipomalizika na nyama kuanza kugawiwa, mmoja wa wale wawili akamwambia mama mkwe kwamba mkwe wako yuko kule nyuma. Mama mkwe akaenda. Tukamsikia.

Mimi nilifika wa tatu au wa nne. Alikuwa amelala ubavu, khanga imelowa, udongo chini yake umekuwa mweusi. Watu walisimama mbali kidogo, duara, na hata wakati ule niliona miguu yao inasita. Mume wake alimshika kichwa, mimi nikashika miguu, mkunga akapenya akitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Tulimpitisha kwenye lango, na watu waligawanyika pande mbili kutupisha. Njia nzima ya hospitali nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye gari, mkono wangu juu ya tumbo lake kama nilivyoelekezwa, na chini ya kiganja nilihisi umbo la mtoto karibu mno na ngozi. Nililijua jambo hilo lina maana gani kwa sababu mkunga alikuwa amegeuza uso dirishani.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Mama yake walimwokoa, baada ya kumtoa kizazi.

Sina la kusema juu ya siku zilizofuata. Dada yangu hakunilaumu, nami ningeona afadhali angenilaumu. Alikaa hospitalini na binti yake, akimlisha uji, na nilipoingia alinisogezea kiti. Nilitaka kuwakasirikia wale wanawake wawili, nikashindwa. Nilitaka kuwakasirikia wazee, mchungaji, mama mkwe. Kila mmoja alikuwa amefanya lililo sawa, na zaidi ya wote yeye mwenyewe, aliyekaa akivuja damu kwenye mahindi ili asiwaharibie watu. Ninachokichukia mpaka leo ni adabu. Tumeifundisha vizuri mno.

Wazee walikutana tena, bila mimi, wakakubaliana kwamba damu ilimwagika nje ya ua, na mtoto alifia njiani, kwa hiyo nyumba imebaki safi. Dada aliniletea uamuzi huo kwa sauti ileile aliyotumia kusoma matangazo shuleni. Mwezi uleule wanawake wakaanza kuja. Sasa nyumba imejaa, wengine wanalala wawili kitanda kimoja, mpishi anaomba msaidizi, na mkunga anasema tangu masika hajapoteza mama hata mmoja. Ukurasa nilioandika baada ya hapo ulikuwa wa kweli wote, na sikuweza kuumalizia.

Mimi nilimbeba aliyekuwa metimani na damu ya mauti ikanimwagikia, kwa hiyo na mimi nikatengwa. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu kwamba kanisani benchi langu limebaki na nafasi, na kikombe changu kwenye kikao kimeoshwa kando. Ningeweza kukataa, mimi mtu niliyezunguka dunia. Sikukataa. Wageni kutoka ubalozi mmoja walipokuja kuona nyumba iliyojaa, dada ndiye aliyewatembeza vyumbani. Mimi nilisimama ng'ambo ya ua wa minyaa, pale aliposimama yule mzee, na mgeni mmoja aliponiita niingie tupige picha nikamwambia nina msiba. Alinipa pole kwa lugha yake.

Siku hizi nakwenda Mogitu mara kwa mara. Mpwa wangu ametengwa tena, na safari hii mama mkwe hasemi itaisha lini, maana ile siku ya kujifungua salama haitakuja. Lakini mimi na yeye tuko hali moja, kwa hiyo naingia ndani. Kigoda kimehamia karibu na mafiga. Nanywa chai yake, katika kikombe chake, na nyumba yake haina moshi wowote. Mwanzo tulizungumzia mvua na bei ya mbaazi. Siku ile yenyewe hakuitaja kwangu, nami sikuwa na ujasiri.

Wiki iliyopita aliyaacha maneno ya mbaazi, akauliza bila kunitazama.

"Mjomba, siku ile wazee walimaliza sala?"

"Walimaliza."

"Mpaka mwisho? Haikukatwa?"

"Mpaka mwisho."

"Nilijiziba mdomo kwa khanga," alisema. "Niliogopa mtanisikia, muikate."

Nilimwambia hatukusikia kitu.

"Afadhali," akasema, akainua birika, akaniongeza chai.